Kumsamehe Asiyeomba Radhi: Askofu wa Kigezi na Idi Amin

Makala ya leo imezaliwa na swali la mwanafunzi. Tulikuwa darasani tukisoma habari za Vita vya Kagera, nami nikataja, kama jambo la pembeni tu, kwamba yupo askofu wa Uganda aliyeandika kitabu cha kumsamehe Idi Amin. Msichana mmoja, ambaye kwao ni Missenyi, mpakani kabisa, akanyosha mkono. Akasema kuwa babu yake alipoteza mdogo wake na ng'ombe wote mwaka 1978, na kwamba hata leo jina la Amin halitajwi nyumbani kwao wakati wa kula. Kisha akauliza: "Mwalimu, mtu anamsameheje ambaye hakumwomba msamaha?"

Siku ile sikuwa na jibu. Kengele ya mapumziko iliniokoa. Lakini swali lenyewe halikuniacha, na ndilo lililonifanya nirudi kuisoma habari ya askofu yule kwa makini zaidi kuliko nilivyoisoma chuoni.

Kabla hatujavuka mpaka, tutazame maneno mawili, kwa kuwa wengi wenu mnaosoma hapa mnajifunza Kiswahili. Kusahau na kusamehe huanza kwa silabi moja, na pengine ndiyo sababu watu huyachanganya hata katika mawazo yao. Kusahau humtokea mtu bila uamuzi wake. Kusamehe hudai kumbukumbu kamili: huwezi kumsamehe mtu kosa usilolikumbuka. Tunayo methali isemayo kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni methali nzuri, ila nimeona kwamba mara nyingi hutamkwa na aliyekosa, si na aliyekosewa. Lishikeni jambo hilo, kwa maana tutalihitaji mbele.

Askofu ninayemsema aliitwa Festo Kivengere. Alizaliwa Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, katika nchi ya vilima inayopakana na Rwanda, mnamo mwaka 1919. Alisomea ualimu, na katika miaka ya 1940 yeye na mkewe Mera walihamia Tanganyika, akawa mwalimu katika shule ya sekondari ya Alliance mjini Dodoma. Shule hiyo baadaye ilijulikana kwa jina la Mazengo, na majengo yake leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Kwa hiyo Watanzania wa rika la babu zetu walifundishwa na mtu huyu, wakamsikia akihubiri kwa Kiswahili chini ya jua la Ugogoni. Alikaa huko miaka mingi kabla ya kurudi kwao, na mwaka 1972 akawekwa wakfu kuwa Askofu wa Kigezi, makao yake yakiwa Kabale.

Nakitaja Kiswahili kwa makusudi. Nchini Uganda lugha yetu ilikuwa na bahati mbaya. Tangu enzi za wakoloni ilikuwa lugha ya jeshi, na chini ya Amin, ambaye mwaka 1973 aliitangaza kuwa lugha ya taifa, wananchi wengi waliisikia kwanza kutoka kinywani mwa askari anayegonga mlango usiku. Hata leo wapo wazee wa Kampala ambao wakisikia amri ya Kiswahili hushtuka. Kivengere aliijua lugha hiyo kwa upande wake mwingine kabisa: lugha ya ubao na chaki, na ya mimbari.

Ili kuelewa alichokifanya mwaka 1977, ni lazima tujue alilelewa katika imani ya namna gani. Katika miaka ya 1930 uamsho wa Kikristo ulianza katika misheni ya Gahini nchini Rwanda, ukaenea Uganda, Tanganyika, Kenya na Burundi. Waliouingia waliitwa kwa Kiganda Balokole, yaani waliookoka. Desturi yao kuu ilikuwa kuungama hadharani. Mtu alisimama mbele ya wenzake na kusema: niliiba kwa mwajiri wangu, nilimpiga mke wangu, namchukia jirani yangu. Kisha ilimpasa aende kwa aliyemkosea, arudishe alichochukua na kuomba radhi. Wengi waliwaona kuwa watu wa kero, na nadhani nyakati nyingine walikuwa hivyo. Si kila ungamo linafaa kusikika na kijiji kizima. Lakini walikuwa na jambo moja ambalo makanisa mengi ya wakati ule hayakuwa nalo. Mmisionari Mzungu na mpishi wake Mwafrika waliungama katika mkutano mmoja, kila mmoja kwa mwenzake. Katika Afrika Mashariki ya wakoloni hilo halikuwa jambo dogo.

Kivengere mwenyewe aliokoka akiwa kijana, baada ya miaka ya kuikimbia imani ya utotoni. Alisimulia kwamba muda mfupi baadaye alitambua kuwa alikuwa akimchukia Mwingereza mmoja kwa moyo wake wote, akapanda baiskeli na kusafiri mwendo mrefu mpaka nyumbani kwa mtu yule ili amwombe radhi kwa chuki hiyo. Angalia, msomaji: si Mwingereza aliyeomba radhi kwa lolote alilomtendea. Ni Mwafrika aliyetawaliwa ndiye aliyeendesha baiskeli.

Nakiri kwamba niliposoma habari hiyo mara ya kwanza iliniudhi. Niliona kama unyonge uliovishwa kanzu ya dini. Kilichonibadilisha kidogo ni kisa kingine alichopenda kukirudia, nacho ni cha jikoni. Siku moja alikosana na Mera, naye alikuwa anakwenda kuhubiri. Akajikaza, akaomba Mungu amsaidie katika mahubiri yake. Akasikia moyoni kwamba Mungu hakuwa pamoja naye katika safari ile. Alikuwa amebaki jikoni pamoja na mkewe. Ikambidi arudi jikoni, mhubiri mashuhuri, akaombe msamaha kwanza. Mtu anayeweza kukisimulia kisa cha namna hiyo mbele ya maelfu ya watu, na kuwachekesha, si mnyonge. Ni mtu aliyezoea kuanza hesabu na deni lake mwenyewe. Unyenyekevu huo wa nyumbani ndio uliomfunza hesabu kubwa iliyokuwa ikimngoja.

Habari za Idi Amin mnazijua, sitazirefusha. Alitwaa serikali tarehe 25 Januari 1971, Milton Obote akakimbilia kwetu Tanzania. Askari wa makabila ya Waacholi na Walango waliuawa kwa wingi katika kambi zao. Mwaka 1972 Waasia walipewa siku 90 kuondoka nchini. Watu walikamatwa mchana kweupe na kutiwa katika buti za magari, wala hawakuonekana tena. Makadirio ya waliouawa katika miaka ile 8 yanatofautiana sana. Mengine yanafika watu 300,000. Amin alikuwa Mwislamu, lakini asiwepo wa kuifanya hii kuwa habari ya dini mbili, maana Waislamu nao walikuwa miongoni mwa waliopotea.

Februari 1973 serikali iliamuru watu kadhaa wauawe hadharani katika miji mbalimbali, wakituhumiwa kuwa wapiganaji wa msituni. Huko Kabale waliletwa watatu katika uwanja wa michezo, na maelfu ya wananchi wakakusanywa kutazama. Askofu Kivengere aliomba ruhusa ya kuzungumza na watu hao kabla ya kupigwa risasi. Alieleza baadaye kwamba aliwaendea kwa nyuma, akijiuliza ni neno gani mtu anaweza kumwambia anayekufa baada ya dakika chache. Walipogeuka, alikuta nyuso zilizong'aa. Hawakumpa nafasi ya kuwafariji. Walimwambia kwamba wamesamehewa na Mungu, na wakataka jamaa zao wapelekewe habari hiyo. Kisha wakainua mikono iliyofungwa pingu, wakawapungia watu, wakitabasamu mpaka bunduki zilipolia. Kisa hiki alikibeba maisha yake yote. Nami nadhani kilimfundisha kwamba msamaha unaweza kusimama mahali ambapo haki haipo kabisa, bila kumsubiri mwenye bunduki aseme lolote.

Sasa tunafika mwaka 1977, na kwa Janani Luwum, Askofu Mkuu.

Luwum alikuwa Mwacholi wa Mucwini, wilaya ya Kitgum, kaskazini ya mbali. Naye alianza kama mwalimu wa shule, naye aliokoka katika uamsho uleule, Januari 1948. (Kwamba wote wawili walitoka katika ualimu, mniwie radhi nikijivunia kidogo.) Mwaka 1974 alikuwa Askofu Mkuu wa kanisa la Kianglikana la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Wapo waliomlaumu kwa kuonekana karibu mno na serikali, kwa sababu alikwenda mara kwa mara kwa wakubwa kuwaombea watu waliokamatwa. Yeye aliona kwamba asiyeingia mlangoni hawezi kumtoa aliye ndani.

Usiku wa tarehe 5 Februari 1977 askari waliruka ua wa nyumba yake katika kilima cha Namirembe, wakamsukumia mtutu wa bunduki tumboni na kupekua kila chumba wakidai wanatafuta silaha. Hawakupata kitu. Siku chache baadaye maaskofu walikutana na kumwandikia Amin barua, wakaitia sahihi kwa majina yao. Barua hiyo haikuwa ya kubembeleza. Ilisema kwamba bunduki iliyokusudiwa kumlinda raia sasa imemgeukia, kwamba watu wanauawa bila mashitaka, na kwamba mtutu uliosukumwa tumboni mwa Askofu Mkuu umeelekezwa kwa kila Mkristo nchini.

Hapa nataka usimame nami kidogo, msomaji, kwa kuwa ni mahali panaporukwa na wengi wanaoisimulia habari hii kanisani. Watu husimulia msamaha, wakaiacha barua. Lakini barua ilitangulia. Watu walewale waliokuja kusifiwa kwa rehema zao walikuwa kwanza wamelitaja kosa kwa jina lake, wakaliandika, na kulipeleka kwa mkosaji mwenyewe, wakijua anavyowatenda wanaomwambia ukweli. Ukiiondoa barua hiyo, rehema yote inayofuata inakuwa kujipendekeza.

Tarehe 16 Februari maaskofu waliitwa Kampala pamoja na viongozi wengine. Nje, mbele ya halaiki ya askari, zilipangwa silaha, na ikasomwa hati iliyodai kwamba Luwum alikuwa akishirikiana na Obote kuipindua serikali. Askari walipoulizwa watu kama hao wafanywe nini, walipaza sauti wakitaka wauawe. Kisha maaskofu waliambiwa waende nyumbani, isipokuwa Luwum, ambaye aliambiwa kuwa Rais anataka kuzungumza naye. Maaskofu wawili hawakukubali kuondoka bila yeye. Mmoja alikuwa Kivengere. Wa pili alikuwa Silvanus Wani, ambaye tutamrudia. Walingoja hadi jioni, mpaka walipofukuzwa na askari wenye bunduki.

Siku iliyofuata redio ilitangaza kwamba Askofu Mkuu na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, walikufa katika ajali ya gari baada ya kumvamia dereva. Mwili wa Luwum haukutolewa Kampala. Askari waliupeleka Mucwini, kwa mama yake, wakitaka uzikwe upesi. Ardhi ilikuwa ngumu kwa kiangazi, kaburi halikukamilika siku ile, na jeneza likalala kanisani. Wanakijiji wakalifungua. Wakaona matundu ya risasi.

Jumapili ya tarehe 20 Februari, kule Namirembe, maelfu walikuja kanisani ingawa serikali ilikuwa imekataza ibada ya mazishi. Kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa karibu na lile la Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Liko wazi, tupu. Askofu Mkuu mstaafu Erica Sabiti aliwakumbusha watu habari ya kaburi lingine lililokutwa tupu alfajiri ya Pasaka, nao wakaanza kuimba, wakakataa kuondoka.

Kivengere hakuwapo. Waumini wa Kigezi walikuwa wamemwambia kwamba wanatafutwa na askari, na kwamba kwa juma moja askofu mmoja aliyekufa anatosha. Yeye na Mera walipanda milima usiku kwa miguu, wakavuka kuingia Rwanda.

Mtu akifika salama ndipo hasira huja. Wakati wa hatari hakuna nafasi ya kuchukia, miguu inashughulika. Kivengere alisema waziwazi kwamba katika majuma yale ya ukimbizini alianza kujisikia akikauka ndani. Kila habari iliyotoka Uganda iliongeza kitu kigumu moyoni. Alikuwa akihubiri, watu walikuwa wakimsikiliza kwa machozi, lakini yeye alijua kuwa ndani hamna kitu. Hasira ile ilikuwa na haki yake, msomaji. Rafiki yake alikuwa ameuawa. Nani angemlaumu?

Ijumaa Kuu ya mwaka ule ilimkuta London, akaingia katika kanisa la All Souls. Ibada ilifika mahali ambapo Yesu aliwaombea msamaha waliompigilia misumari. Kivengere alieleza kwamba maneno hayo yalimpiga kama kwamba hakuwahi kuyasikia. Akajiuliza: kama Amin angekuwa mmoja wa askari wale wenye nyundo, je, Yesu angemtoa katika sala ile? Akaona kwamba asingemtoa. Ikawa wazi kwake kwamba yeye, Festo, ndiye aliyekuwa akimtoa. Akatubu chuki yake palepale.

Hili ndilo jibu nililokosa darasani, au angalau jibu la mtu mmoja. Katika kanisa lile Amin hakuwapo, hakuwa ameomba lolote, wala hakujua. Msamaha haukumngoja. Kivengere hakusema kuwa Amin hana hatia, wala hakuona mema yaliyofichika ndani yake. Alianza pale alipozoea kuanzia tangu siku ya baiskeli: katika deni lake mwenyewe. Alikuta kwamba chuki, hata ile yenye sababu nzuri, ilikuwa imemfanya Amin kuwa bwana wa nyumba ya ndani ambayo hakuwahi kuiteka kwa bunduki. Akamtoa humo.

Mwaka huohuo alichapisha kitabu chenye jina la I Love Idi Amin, yaani "Nampenda Idi Amin". Mimi binafsi jina hilo silipendi. Wajane waliosimama kwenye foleni ya kutafuta miili ya waume zao hawakustahili kuliona katika dirisha la duka la vitabu, na wapo wakimbizi wa Uganda waliolichukia. Lakini anayekifungua kitabu chenyewe hukuta kuwa nusu yake ni mashitaka. Tena Kivengere alizunguka Ulaya na Marekani akisimulia mauaji, akichangisha fedha za kuwasomesha wakimbizi, akiyaomba mataifa yasifumbe macho. Aliwahi kuulizwa angefanya nini kama angekaa chumba kimoja na Amin huku yeye akiwa na bunduki. Akajibu kwamba angemkabidhi Amin bunduki ile, kwa kuwa hiyo ni silaha ya Amin. Yake yeye ni upendo. Unaweza kulipinga jibu hilo. Wengi wa wanafunzi wangu hulipinga, na wanapofanya hivyo huwakumbusha kwamba aliyeng'olewa kwa upendo hakuwa Amin: aling'olewa kwa mizinga, na mizinga mingine ilikuwa yetu.

Hapo ndipo habari inapotugusa sisi wenyewe. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, yakaua, yakapora, na daraja la Kyaka likavunjwa. Babu wa mwanafunzi wangu alikimbia kuelekea Bukoba. Jeshi letu likajibu, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Hayo tunayafundisha kila mwaka, na tunayafundisha kwa fahari. Jambo tusilolifundisha sana ni Mutukula. Januari 1979 askari wetu waliuteka mji huo mdogo upande wa Uganda, na kwa kisasi cha Kagera wakaubomoa, na raia wakauawa. Mwalimu Nyerere alipopata habari alisikitika, akaagiza raia wasidhuriwe tena katika vita ile. Naiandika habari hii nikijua kuwa baadhi yenu haitawafurahisha. Lakini siwezi kumsifu askofu wa jirani kwa kuanza na kosa lake, halafu mimi nianze na kosa la jirani.

Kivengere alirudi Kabale Mei 1979. Amin alikuwa amekwenda. Kisasi kilikuwa kimebaki. Katika nchi ya Ankole, karibu kabisa na Kigezi, Waislamu waliuawa na majirani zao mwaka ule, kana kwamba kila Mwislamu alikuwa Amin. Kaskazini-magharibi, katika West Nile alikotoka Amin, hali ilikuwa mbaya zaidi: majeshi ya serikali mpya yaliwatesa raia, maelfu wakakimbilia Sudan na Zaire, na Juni 1981 watu waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Ombaci waliuawa. Waliofanya hayo walikuwa na orodha ndefu ya makosa waliyotendewa, na orodha zao zilikuwa za kweli. Katika hewa hiyo Kivengere alihubiri upatanisho, na sidhani kuwa mahubiri yake yalikuwa na wasikilizaji wengi kama aliyoyatoa London.

Nimeahidi kumrudia Silvanus Wani. Alikuwa Mkakwa, kabila moja na Amin, na watu wa kwao. Ndiye aliyengoja pamoja na Kivengere jioni ile ya tarehe 16. Baada ya Luwum kuuawa, kanisa lilimchagua Wani kuwa Askofu Mkuu, mwaka 1977, katikati ya utawala uleule. Fikiria Mwacholi aliyefiwa, ameketi kanisani, anapokea komunyo kutoka mkono wa ndugu wa kabila la muuaji. Wani hakuandika kitabu chenye jina la kushtua, na kwa hiyo anasahauliwa. Alikaa katika kiti hicho mpaka mwaka 1983. Mimi naona kwamba kama tunatafuta mahali ambapo rehema ya Kikristo ilifanya kazi ya kila siku, bila makofi, ni pale.

Wala nisiufiche upande mwingine. Gahini, chimbuko la uamsho, iko Rwanda. Na mwaka 1994 Wanyarwanda waliouawa makanisani waliuawa mara nyingi na watu waliobatizwa kama wao. Wapo waliookoka waliokataa kuua, wakafa pamoja na majirani zao. Wapo pia viongozi wa kanisa waliokaa kimya au waliofanya mabaya kuliko kukaa kimya. Kizazi cha wazee wao kilikuwa kimejifunza kuungama wizi na uzinzi mbele ya watu. Chuki ya kabila haikuungamwa kwa kiasi hicho.

Kivengere alifariki Nairobi Mei 1988 kwa saratani ya damu. Tangu mwaka 1998 sanamu ya Luwum iko juu ya mlango wa magharibi wa Westminster Abbey pamoja na mashahidi wengine 9 wa karne ya 20, na tangu mwaka 2015 tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa nchini Uganda. Amin alikufa Jeddah Agosti 2003. Hakuwahi kuomba radhi hadharani.

Wakati wa likizo nilimpa mwanafunzi wangu karatasi zenye habari hii, amsomee babu yake kama mzee atakubali. Aliporudi nilimwuliza kuhusu Kivengere na lile kanisa la London. Akasema babu alisikiliza mpaka mwisho bila kusema kitu, kisha akamwomba arudie sehemu moja tu: ile ya Mucwini, jeneza lilipolala kanisani. Mdogo wake, alisema mzee, hawakupata hata cha kufungua. Akauliza wale wanakijiji walikuwa wangapi, na kama waliadhibiwa. Mjukuu akamjibu kuwa karatasi haisemi.

"Walifanya vizuri kufungua," mzee akasema, akaomba maji ya kunawa, wakala.